Amana ya Mwenye Kuchimba

Mto Ndembera huteremka kutoka nyanda za juu za Iringa na kuingia Madibira, katika pembe ya bonde la Usangu, nao hubeba udongo wa milimani mwaka hata mwaka. Wakulima wa mpunga wa huko huchimba mifereji na kuizibua. Mwenye jembe akiisha kushuka kina cha kiuno, ukuta wa mfereji huweza kumwonyesha jambo ambalo macho yake hayakulitafuta: juu udongo mweusi wa mbuga, ule upasukao kiangazi na kunasa miguu masika, chini yake mchanga wa gharika fulani, chini zaidi udongo mgumu wa rangi nyingine. Kila mstari ni habari ya miaka iliyopita. Yeye hana haja nayo. Haja yake ni maji yapite. Akiikata mistari hiyo yote kwa pigo moja hapana wa kumlaumu, kwa kuwa jembe lake halikumwahidi mtu neno lolote ila mpunga.

Yuko mtu mwingine ambaye hukata mistari ya namna ile ile kwa kudai kuwa ataisoma. Huyo ni mchimbuzi wa mambo ya kale, mwenye elimu ambayo siku hizi huitwa akiolojia. Dai lake ndilo limtialo katika deni. Vitu vingi visomwavyo na wataalamu hubaki baada ya kusomwa: hati ya kale hurudishwa sandukuni, nyota hutazamwa na mwingine usiku ujao, na atiaye shaka katika jaribio la kemia huweza kulirudia. Tabaka la udongo halirudiwi. Udongo wote uliotolewa waweza kurudishwa shimoni, lakini mpangilio wake haurudi. Basi mtu auharibuye ushahidi kwa tendo lile lile la kuusikiliza ana haki gani ya kufanya hivyo, na kwa sharti gani?

Swali hili halijibiwi vyema na aliyeketi mbali na shimo, kwa hiyo yafaa kuitazama kazi yenyewe. Asubuhi huanza kwa kufagia. Vigingi hukaguliwa, uzi hunyoshwa kwa pimamaji, na eneo huwa limegawanywa katika miraba ya mita moja moja. Mchimbaji hupiga magoti na mwiko wa mwashi mkononi, akikwangua zaidi ya kuchimba, na siku nzima huenda ikamshusha sentimita chache tu. Udongo hutiwa katika karai, huchekechwa, na kila kilichosalia katika chekeche, kiwe kipande cha jiwe, jino la mnyama, kigae au mkaa, huwekwa katika mfuko wenye kibandiko kisemacho mraba, kina na tarehe. Kina hupimwa kutoka nukta moja iliyowekwa siku ya kwanza, isiyosogezwa. Ukuta wa shimo husawazishwa kwa timazi, hunyunyizwa maji kidogo ili rangi zipate kutokeza, kisha huchorwa katika karatasi ya miraba. Ni kazi ya kuchosha isiyo na fahari. Siku nyingi hupita bila kitu kuonekana, na siku hizo nazo hupasa kuandikwa, maana kukosekana kwa kitu katika tabaka ni habari sawa na kupatikana kwake.

Kanuni ya usomaji ni nyepesi kuitamka. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia, alieleza kuwa tabaka la chini liliwekwa kabla ya lile lililo juu yake. Mtoto mdogo huielewa. Walakini ardhi haikukaa kimya ikingoja kusomwa. Mchwa hupandisha chembe laini na kuyaacha mawe yazame. Panya na fuko hutoboa njia zao na kuangusha shanga ya jana katika jivu la kale. Mizizi huoza na kuacha mianya ijaayo udongo wa juu. Na mwanadamu ni mchimbaji kupita hao wote: huchimba shimo la nguzo, huchimba shimo la taka, huchimba kaburi. Maiti aliyezikwa kina cha mita moja na nusu amelazwa ubavuni mwa vitu vilivyomtangulia kwa maelfu ya miaka, na asiyeuona mpaka wa kaburi atawafanya hao majirani wa zama moja. Mpaka huo mara chache huwa mstari ulio wazi. Huenda ukawa badiliko dogo la rangi, au ulaini kidogo chini ya mwiko, au unyevu ukawiao kukauka upande mmoja kuliko wa pili.

Hapa ndipo kazi ya mkono inapogeuka kuwa jambo la dhamiri. Mchoraji wa ukuta hufika mahali ambapo matabaka mawili yaachana waziwazi, naye huchora mstari mzima. Shubiri mbili mbele mpaka hufifia. Desturi njema humtaka achore hapo mstari wa vipande vipande, ambao maana yake ni kwamba aliyechora hakuona kwa hakika. Ni alama ndogo sana katika karatasi. Lakini ni nani atakayejua kama hakuitia? Mstari mzima hupendeza macho; humridhisha mwenye kutoa fedha na hukaa vizuri kitabuni; na baada ya siku chache ukuta wenyewe utakuwa umebomolewa au umefukiwa. Mbele ya kadhi shahidi mmoja akisema uongo huenda akatokea wa pili kumkanusha. Mchimbaji ni shahidi aliyewamaliza mashahidi wenziwe kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu uaminifu kwake hauwezi kuhesabiwa kuwa pambo la tabia lililovikwa juu ya ujuzi. Fundi mwenye mwiko hodari na kalamu ya uongo ameharibu zaidi ya mkulima wa Madibira, ambaye angalau hakuacha maandishi ya kuwapotosha watu.

Yamkini mtu atasema kuwa hakuna kuona kusikochanganyika na kufikiri: jicho lililozoea kutafuta sakafu za nyumba litaona sakafu kila mahali, na rangi ya udongo saa mbili asubuhi si rangi yake adhuhuri. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haimpi mchimbaji ruhusa ya kuandika apendalo. Yamzidishia wajibu wa kutenga mambo mawili. Mahali pamoja na aandike alichokishika: udongo wa kahawia, mgumu, wenye changarawe. Mahali pengine aandike alichokidhania: sakafu. Dhana yake ikifa, kile alichokishika chaweza kuishi.

Isimila ni mfano wa jambo hili. Ni korongo lililo yapata kilomita 20 kutoka mji wa Iringa, kando ya njia iendayo Mbeya, ambamo mvua imekata matabaka ya kale ya mchanga na udongo laini na kuacha nguzo ndefu za ardhi zisimame. Zana zake za mawe zilitambuliwa mwaka 1951, na katika miaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na wenziwe, miongoni mwao Maxine Kleindienst na Glen Cole, walichimba hapo. Walikuta shoka za mkono kwa wingi, nyingine kubwa mno, na mifupa ya kiboko wa namna iliyokwisha kutoweka duniani. Zamani hizo umri uliotajwa kwa mahali hapo ulikuwa miaka ipatayo 60,000. Baadaye mifupa ilipimwa kwa njia ya urani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha miaka kama 260,000. Kosa la kiasi hicho lingalitosha kuuangusha utafiti mzima, kama thamani ya utafiti ingalikuwa katika hesabu ya mwisho. Haukuanguka. Michoro ya matabaka na orodha ya kila jiwe mahali lilipolala havikutegemea umri wowote, na wasomi waliendelea kuvirudia na kushindana juu yake: je, mawe yale yaliachwa pale na watu waliokaa kando ya maji, au maji yenyewe yaliyakusanya? Ushindani huo wawezekana kwa sababu waliochimba waliandika zaidi ya walichokihitaji siku ile.

Kinyume chake nacho kimo katika historia ya Uhehe, na ni cha kuhuzunisha. Mtwa Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, kichwa chake kilikatwa. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yalitaja fuvu lake kwa jina na kuitaka Ujerumani ilitoe, halikupatikana. Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yaliyotoka katika ile iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Moja lilichaguliwa kwa vipimo, kwa kulinganishwa na vichwa vya jamaa zake walio hai, nalo likakabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 mbele ya Mtwa Adam Sapi. Wahehe walilipokea kwa heshima iliyompasa shujaa wao. Lakini mtu afikirie yale mafuvu mengine. Kila moja lilikuwa na mama, na kijiji, na mahali lilipotwaliwa. Waliolitwaa walijua mahali hapo siku waliyolitwaa, na kwa kutoandika mstari mmoja walimfanya mtu kuwa mfupa. Dhuluma ya kwanza ilikuwa kuchukua, na ya pili, ambayo haikuhitaji panga wala bunduki, ilikuwa uvivu wa kalamu.

Mwili wa Mkwawa ulizikwa Mlambalasi, na karibu na kaburi lake liko pango la mwamba ambalo limechimbwa kisayansi: Makumbusho ya Taifa ilifanya uchunguzi mwaka 2002, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta wakiongozwa na Pamela Willoughby walifika 2006 na 2010. Juu walikuta mabaki ya zama za chuma. Chini, zana ndogo za mawe na mifupa ya watu waliozikwa mwishoni mwa zama za barafu. Mahali kama hapo swali la haki haliwezi kuepukwa. Wafu hao wa chini hawana mjukuu ajulikanaye wa kuombwa ruhusa. Wenyeji wanaolilinda kaburi la juu yake wako, nao huhesabu mahali hapo kuwa patakatifu. Hati ya serikali humpa mchimbaji kibali cha sheria. Kibali kingine hutoka kwa wazee, nacho hakipigwi muhuri, na anayeingia na kimoja bila cha pili hujenga elimu yake katika uwanja wa wenyewe.

Hata mwenye vibali vyote hapaswi kumaliza. Wachimbaji wenye busara huacha sehemu bila kuigusa, kwa kukiri kwamba atakuja mwenye kipimo ambacho wao hawana. Kama kila mfupa wa Isimila ungalitupwa mwaka 1958, hapangalikuwa na kitu cha kupimwa kwa urani. Kuacha ni kugumu. Fedha za msimu zinakwisha, mvua inakaribia, na kitu kinachong'aa kimeonekana pembeni ya mraba usiopangwa kuchimbwa.

Na lipo deni jingine ambalo halitajwi sana. Aghalabu wa kwanza kuhisi kuwa udongo umebadilika ni kibarua wa kijiji cha jirani, mtu aliyelima tangu utotoni na ambaye mkono wake hujua uzito wa udongo wa jana na wa leo. Yeye husimamisha mwiko na kumwita bwana mkubwa; bwana mkubwa huinama, hutazama, huandika. Katika taarifa nyingi za zama za ukoloni jina la aliyeita halimo. Ikiwa sheria ya kazi ni kuandika kila kitu mahali kilipoonekana, basi na aliyekiona ni sehemu ya habari, na kumwacha nje ni kuchora mstari mzima mahali palipopasa vipande.

Msimu ukiisha, shimo hufukiwa. Sakafu yake hutandikwa magunia au turubai, ili atakayechimba baadaye ajue mwenzake aliishia wapi, na wako wachimbaji wenye desturi ya kudondosha humo sarafu mpya ya mwaka ule kabla ya udongo kurudishwa. Vibarua hulipwa ujira wao, karai hufungwa pamoja, na mvua za kwanza hulainisha kifusi hata nyasi zikaota juu yake.