Kima Punju, Samaki wa Mlangoni na Hukumu ya Taswira

Katika Unguja, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, swali la iwapo inajuzu kuchora kiumbe chenye roho haliwezi kuachwa vitabuni tu, kwa kuwa picha za wanyama za mtindo wa Tingatinga, yaani michoro ya rangi kali iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, zimetundikwa madukani kote Mji Mkongwe. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, alishika msimamo mkali kwamba kuchora chenye roho ni haramu, ila mti hauna ubaya. Kwa hukumu hiyo, mti wa Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, unachoreka, bali kima punju aliyekaa tawini, mnyama ambaye asili yake ni Unguja pekee, hachoreki.

Hata hivyo, mafakihi hutafuta illa, yaani sababu ambayo hukumu imejengwa juu yake, na katika suala hili hutajwa zaidi illa mbili: hofu ya sanamu kuabudiwa, na ufedhuli wa mja kujifananisha na Muumba. Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri, alipoandika mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kuzuru Sicily, alitetea picha kuwa hifadhi ya maarifa pale ambapo hofu ya ibada haipo. Illa ya pili ni ngumu zaidi, na mafundi seremala wa Zanzibar waliikaribia kwa patasi: kwenye milango kadhaa ya Mji Mkongwe samaki amechongwa sehemu ya chini, lakini amegeuzwa pambo, magamba yake yakifuatana kwa mpangilio kama majani, hata mtazamaji hadhani kwamba fundi alitaka kumpa uhai.

Kazi ya msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner ya sanaa, inalipeleka swali mbele zaidi. Katika Naming the Money ya mwaka 2004 alisimamisha watu 100 waliokatwa kwenye mbao na kupakwa rangi, wenye kimo cha binadamu, wakiwakilisha watumwa wa majumba ya kifalme ya Ulaya, na kila mmoja akaelezwa kwa jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake. Hapo msanii hadai kuumba nafsi. Anashuhudia nafsi ambazo Mungu alikwisha kuziumba na wanadamu wakazifuta, na ushahidi wa namna hiyo uko karibu na uadilifu kuliko ushindani.

Vitabu vya sanaa ya kisasa vilivyoandikwa Ulaya humsoma Himid kwa rangi, jinsia na ukoloni, nayo ni mambo ya kweli, lakini msomaji wa Unguja anastahili pia kitabu cha Kiswahili kitakachoipima kazi hiyo kwa mizani ya illa. Wanazuoni na wasanii wa Zanzibar wakiandike pamoja.