Usiazime Miguu ya Mtu

Wanangu, juzi nilikaa kwenye benchi nikiwatazama mnavyopiga begi. Mnyororo ulikuwa unalia, vumbi linatoka, na kila aliyemaliza aligeuka kuangalia nani amemwona. Mimi nilikuwa naangalia chini. Wengi wenu miguu imekaa mstari mmoja, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Begi halirudishi ngumi, ndiyo maana halijawaambia kitu.

Halafu nikaona la kunikera zaidi. Watatu kati yenu, watu wa mkono wa kulia tangu nawafahamu, mmesimama mashoto, mguu wa kulia mbele. Nikamwuliza mmoja, akanijibu: "Mzee, mashoto anasumbua." Ni kweli anasumbua. Ayub Kalule wa Uganda alisimama hivyo, na mwaka 1979 alimshinda Mjapani huko huko Japani akawa bingwa wa dunia. Lakini Kalule hakuiokota miguu ile kwenye video ya simu. Mashoto akikutana na mtu wa kulia, miguu yao ya mbele inagongana, na anayewahi kuuweka wake nje ya wa mwenzake ndiye anayepata njia ya mkono wa nyuma. Asiyejua hilo amejifungulia mlango mwenyewe: mkono wa kulia wa mpinzani unapita katikati bila hodi, mpaka kidevuni.

Ukitaka kujua mkao wako, usiniulize mimi. Okota jiwe, ulenge embe juu ya mti. Mguu unaotangulia bila wewe kuutuma, huo ndio wa mbele, na mkono uliorusha ukae nyuma. Wapo waliokwenda kinyume wakafanikiwa, sikatai. Joe Frazier alisimama kulia, lakini mkono wake wenye nguvu ulikuwa wa kushoto, ule wa mbele, karibu na adui. Kwa mkono huo alimwangusha Muhammad Ali raundi ya 15, Machi 8, 1971, kwa ngumi ya kuzungusha. Hata hivyo Frazier alichagua akakaa hapo, hakuwa kulia Jumatatu na mashoto Alhamisi.

Na wewe unayebadilisha katikati ya raundi ili washangilie, nenda kaangalie pambano la Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard, Aprili 1987. Hagler alijua kupigana pande zote mbili kuliko sisi sote tuliopo hapa tukijumlishwa. Usiku ule alianza kwa kusimama kulia, akaacha mashoto yake iliyompa ubingwa. Raundi za mwanzo zikamponyoka, na mwisho majaji wakagawanyika, ushindi ukaenda kwa Leonard. Watu bado wanabishana kuhusu majaji. Mimi sibishani nao, nazikumbuka zile raundi za mwanzo.

Sasa ngumi yenyewe. Mnadhani iko mkononi. Iko kwenye dole gumba la mguu wa nyuma. Pale ndipo inapoanza: mguu unasukuma sakafu, kisigino kinageuka, nyonga inafuata, bega linafuata, mkono unafika mwisho kabisa kama ncha ya mjeledi. Ngumi usiikaze tangu nyumbani, ikaze inapogusa. Gusa kwa vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati, kiwiko na kifundo cha mkono vikiwa mstari mmoja. Pua yako isipite goti la mbele, maana ukishapita hapo hupigi tena, unaanguka polepole. Kisha mkono urudi kwa njia ile ile uliyoendea, kwa kimo kile kile. Hapo ndipo wengi mnaposhindwa. Mnatuma mkono kama barua, unarudi kwa mguu kupitia kiunoni, na shavu liko wazi muda wote huo.

Tazameni mkono wangu wa kulia. Kifundo cha kidole kidogo hakipo, kimezama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilipiga ngumi ya kuzungusha mkono ukiwa umelegea, ikatua kwenye paji la uso la mwenzangu. Sikuwa nimefunga bandeji, na aliyekuwa ananifundisha wakati ule aliniambia nimalize raundi. Nikamaliza. Hadi leo vifungo vya shati nafunga kwa kushoto. Kwa hiyo nikikukuta umevaa glovu juu ya mkono mtupu, usinione mkali.

Kuhusu kichwa sitasema mengi. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alipigana Las Vegas, akafariki kwa majeraha ya pambano lile, akiwa na miaka 26. Yule alijua kusimama. Alijua kurudisha mkono. Ninyi bado, na kila Ijumaa mnaniomba ruhusa mpigane sparing ya nguvu, mpigiwe kelele na watu wa mtaani wanaochungulia dirishani. Ukipigwa kichwa kikauma, niambie siku hiyo hiyo. Anayenificha nitamtoa, hata kama pambano lake limeshabandikwa matangazo.

Kesho msije na glovu. Mzee wenu atakuja na chaki, atawachorea sakafuni nafasi ya kila mguu, upana wa mabega, wa nyuma umegeuka kidogo na kisigino kikiwa juu ya ardhi kiasi cha kupitisha karatasi. Mtapiga shedo hapo, ngumi za hewani, raundi sita, ngumi moja tu, ile ya mkono wa mbele. Begi nimeshalifungia stoo, na ufunguo ninao mimi.