Kodi ya Mwenye Bunduki na Bei ya Unga

Jumatano tukiombea Kongo, ndugu mmoja aliuliza: Mkristo mwenye duka kule Goma, afungue au afunge? Akifungua, atalipa kodi kwa waasi, na kodi hiyo hununua risasi.

M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege pia. Mtu ana pesa kwa akaunti na hawezi kuzigusa. Wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kuzitafuta. Hapo mwenye duka wa mtaani ndiye benki. Akikunyima deni, watoto wanalala njaa.

Mimi naona hivi. Kodi inayotolewa mbele ya bunduki, mwenye bunduki ndiye atakayeijibu kwa Mungu. Lakini bei mwenye duka anaiandika mwenyewe. Nilisomea biashara, na huko tunafundishwa kwamba bidhaa ikiadimika bei hupanda. Ni kweli, mfuko ukikufikia ghali utauuza ghali, la sivyo kesho huna duka. Ile nyongeza ya juu, kwa sababu tu jirani hana pa kwenda, hiyo haitoki kwa kitabu chochote cha hesabu.

Hata sisi tunaijua. Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara zilifungwa, kadi za simu zikaadimika, zikauzwa kupita bei iliyochapwa juu yake. Na kadi ile ilikuwa barua! Mama wa hapa Merigi alitaka tu kujua kama mwanawe aliye Nakuru yu hai.

Someni Yeremia 29. Ni barua kwa watu waliotekwa Babeli, na haiwaambii wakunje mikono. Wajenge, wapande, wautakie amani mji ule ule wa waliowateka. Tena ilibebwa na Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme waliokuwa safarini kwa Nebukadneza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, afungue. Na jioni akimwandikia dada yake aliye Nairobi, asiishie kwa "tuko salama", maana hilo hata mwenye njaa huliandika. Amwambie pia unga leo ameuuza pesa ngapi.