Kidonda Nacho Hula

Wanangu wa Eringeti, ketini kidogo. Neno hili nimelisema hata sauti imechoka, lakini kila nikifungua bandeji nakuta kosa lile lile.

Kijana mmoja alijikata muundi kwa panga shambani mwa kakao. Wiki ya tatu kidonda kilikuwa kimepauka, kinateleza kama udongo wa mfinyanzi, kingo hazisogei. Mama yake akasema dawa zetu ni za uongo. Nikamuuliza, "Mama, mtoto anakula nini?" "Bugali ya muhogo na lengalenga." Mayai? Yamekwenda sokoni kuleta sabuni. Maharagi? Yameuzwa.

Sikilizeni basi. Dawa huua vijidudu, bandeji huzuia uchafu. Nyama mpya hujengwa na chakula. Damu inapoganda, protini iitwayo fibrini ndiyo inayosuka wavu wa kuishika. Kisha mwili hufuma kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi; nayo ni protini. Mwili usipoipata kwenye sahani huila misuli yake, mgonjwa akakonda na kidonda kikabaki wazi. Unga wa muhogo hushibisha, lakini gramu 100 hazina hata gramu 3 za protini. Maharagi makavu ya uzito huo yana zaidi ya 20, soya zaidi ya 30. Mwenye jeraha wa kilo 60 anahitaji kama gramu 75 hadi 90 kwa siku. Mpeni na pera au papai, maana bila vitamini C nyuzi zile hazikazi.

Najua vita vimetukimbiza mashambani, mavuno yakabaki nyuma. Asiye na kitu simlaumu. Namsihi mwenye kidogo: kabla mayai hayajaenda sokoni, mtengeeni mgonjwa lake. Tieni soya kwenye uji, twangeni karanga kwenye mboga.

Yule mama alisikia. Tuliendelea kusafisha kila siku, naye akapika maharagi. Baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa chekundu, chenye vipunje, kikitoa tone la damu nikikigusa kwa kompresi. Hiyo ndiyo nyama inayoota.

Lakini siku ngozi ilipofunga, sahani ya kijana ikarudi kuwa ya bugali tupu, na panga likarudishwa mkononi. Wanangu, chini ya kovu kazi huendelea mwaka mzima au zaidi, na kovu halifikii kamwe nguvu za ngozi ya kwanza. Bandeji ikitoka, maharagi yasitoke.