Mtama Unaoweza Kurudi Jikoni

Mwaka 2007 Jean Ziegler, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, aliita kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari uhalifu dhidi ya binadamu. Tani moja ya mahindi hutoa takriban lita 400 za ethanoli. Katika soko la Karatina, ambako mahindi hupimwa kwa gorogoro na mnunuzi anawazia githeri, shutuma hiyo inaeleweka upesi.

Je, kuchoma nafaka ni dhambi?

Jibu huanzia kwenye mbegu. Upande wa pili wa Mlima Kenya, huko Tharaka, wakulima walipanda mtama wa Gadam, si kwa ajili ya mafuta bali kwa ajili ya bia ya Senator Keg. Gadam ni mweupe na una tanini kidogo, hivyo wanga wake huchachuka bila taabu. Ndege nao huupenda kwa sababu ya uchache huo wa tanini. Kodi ya bia hiyo ilipopandishwa mwaka 2013, soko likaporomoka. Hasara ilikuwa kubwa, ila mtama uliobaki bado ulifaa uji na ugali.

Mahindi ya Enogen, yaliyobuniwa kwa ajili ya ethanoli, ni kisa kingine. Yaliidhinishwa Marekani mwaka 2011, yakiwa na kimeng'enya chake cha kuvunja wanga. Kiwanda cha ethanoli huyafurahia, lakini wasagaji walipinga: yakichanganyika na mahindi ya chakula, huharibu unga.

Kuhusu dhambi, Mambo ya Walawi 19 katika Biblia haimkatazi mwenye shamba kuuza mavuno. Humtaka aache pembe za shamba kwa ajili ya maskini. Mbegu isiyoweza kurudi jikoni huzifuta pembe hizo kabla ya kupandwa, na hapo ndipo kosa lilipo.