Neno "Letu"

Katika nyanda za juu za Meru na Embu, baba hupanda miche ya saipresi, mama huimwagilia maji, na watoto huipalilia watokapo shuleni. Baada ya miaka michache miti hufikia kimo cha mtu, na Desemba ikikaribia hutafutwa ikapambwe majumbani kwa Krismasi. Je, ni nani mwenye haki ya kusema ikatwe?

Swali hili lilifika nyumbani kwetu, Meru, nilipokuwa na umri wenu. Jamaa tuliazimia kuanzisha shamba dogo la miti ya Krismasi, robo ekari tu, mahali tulipokuwa tukipanda maharagwe. Miaka mitatu maharagwe yalipungua chunguni, wala hapana aliyenung'unika, maana kila mmoja alijiona mwenye shamba. Mwaka wa nne baba aliikata miti yote, akalipa deni ambalo sisi hatukulijua. Ardhi ilikuwa yake, na deni lilikuwa lake. Lakini migongo iliyoinama haikuwa yake peke yake.

Watu husema mtoto hamdai mzazi wake, na ni kweli, kwani ni nani awezaye kulipa malezi? Lakini kumtumikia mzazi ni jambo moja, na kualikwa katika ushirika ni jambo jingine. Baba hakutuambia, "Nisaidieni." Alituambia, "Hili ni shamba letu." Neno "letu" ni ahadi, na alitamkaye hujifunga kwalo, hata kama hapana karani aliyeliandika.

Asili ya mti wenyewe huzidisha uzito wa ahadi hiyo. Mgrivelia, ambao wengi huku huuita mukima, hukatwa matawi yakawa kuni, kisha huchipua tena. Kosa la mwaka huu hufunikwa na majani ya mwaka ujao. Saipresi, mti uliotoka Meksiko na Amerika ya Kati, ukikatwa shina hauchipui. Ukiachwa yapata miaka 30 hutoa mbao za kujengea nyumba. Aukataye mchanga huuza Krismasi moja, na paa la mjukuu huenda pamoja nayo.

Sisemi kwamba kungoja ni wema daima. Mwaka 1990 vidukari wa saipresi waliingia Kenya, na nyua nyingi za miti hiyo zikakauka, waliongoja walipoteza. Tena huenda deni la baba lilikuwa la karo yangu. Sikumwuliza kamwe, na hilo ni kosa langu katika habari hii. Angalituita jioni moja akatueleza, nadhani sisi wenyewe tungaliyashika mashoka.

Sasa mimi ni mwalimu na ni mzazi. Mwaka jana tulipanda miche 40, na binti yangu wa miaka saba akaniuliza upi ni wake. Nilimwonyesha mmoja ulio karibu na lango. Tangu siku hiyo sijaupogoa mche ule pasipo kumwita kwanza.