Kuomba na Kuweka Mlinzi



Majira ya Majilio yamewadia, na ndugu zetu wengi waliotawanyika mijini wanafunga mizigo ili wapande kwenda kwao Kilimanjaro, waiadhimishe Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana pamoja na wazee wao. Mjini Moshi njia zimejaa, soko limejaa, na mahali pa kuegesha magari hapana nafasi. Kila mtu amebeba vifurushi: nguo za watoto, mchele, mafuta, vitenge vya mama. Furaha hii si dhambi. Lakini penye vitu vingi na macho machache, ndipo mwizi apatapo kazi, ndipo na mtoto aumiapo. Kwa hiyo mwezi huu twawaandikia habari za maegesho ya magari; wala msishangae ya kuwa gazeti la kanisa lasema neno hili.

Kwanza twaungama kosa letu wenyewe. Mwaka jana, katika juma la mwisho kabla ya sikukuu, tulitumwa na usharika kununua nguo za watoto yatima kwa sadaka iliyochangwa. Asubuhi tulikuwa tumeomba ulinzi wa Mungu. Tulipokwisha kununua, tuliziweka nguo juu ya kiti cha nyuma cha gari, mahali pa kuonekana na kila apitaye, tukarudi dukani kununua pipi. Hatukukawia. Tuliporudi tulikuta kioo kimevunjwa na kiti ni kitupu. Tukanung'unika mioyoni: Je! hatukuomba? Ndipo tulipolikumbuka neno lililo katika Nehemia 4:9.

Watu wale waliokuwa wakiujenga ukuta wa Yerusalemu walizungukwa na adui. Hawakusema, Tumeomba, basi twende tukalale. Wala hawakusema, Tuna walinzi, kuomba kwafaa nini? Walimwomba Mungu wao, kisha wakaweka mlinzi mchana na usiku. Aombaye bila kukesha humjaribu Mungu, kama Shetani alivyotaka Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Naye akeshaye bila kuomba hukesha bure, kama tufundishwavyo katika Zaburi ya 127. Hata Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alikaa mjini kuwatunza wagonjwa. Lakini katika waraka wake aliwaonya waliokataa dawa na kujitia hatarini kwa kusudi, wakidhani ya kuwa huko ndiko kumtumaini Mungu.

Basi tuweke mlinzi wa namna gani? Amri zenyewe zatuonyesha.

Katika Katekisimo Ndogo twafundishwa ya kuwa Amri ya Saba haikatazi kuiba tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani alinde mali yake. Nguo zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za yatima. Kwa hiyo uzembe wetu haukuwa bahati mbaya tu, ulikuwa kosa juu ya wadogo. Basi, ndugu, wekeni vifurushi katika buti kabla ya kufika mahali pa kuegesha, wala si baada ya kufika, maana wako wanaotazama. Egesheni penye taa na penye watu. Mkiisha kufunga mlango, ujaribuni kwa mkono. Msihesabu fedha njiani. Mkirudi, ufunguo uwe tayari mkononi, na simu iwe mfukoni, ili macho yaone. Mgeni akikuambia ya kuwa gurudumu lako limeishiwa upepo, mshukuru, lakini funga mlango kabla ya kwenda kulitazama. Tena mtu akikutisha kwa silaha, mwachie mfuko. Kitenge chanunuliwa tena, bali mama wa watoto hanunuliwi.

Amri ya Tano ni kubwa zaidi. Mariamu na Yusufu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu, wakaenda mwendo wa siku moja, kila mmoja akidhani ya kuwa mtoto yumo katika msafara. Ikiwa wao walipotewa katika umati, je! sisi tutajivuna? Mshikeni mtoto mkono tangu mlango wa gari hata mlango wa duka. Nawe dereva, kabla ya kurudisha gari nyuma, shuka ulizunguke. Kwa maana mtoto mfupi aliyesimama nyuma ya gari haonekani katika kioo. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilimwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hatua zile chache za kulizunguka gari ndizo ukingo wako. Wala usimwache mtoto amelala ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda mfupi. Jua la Desemba hulitia gari joto upesi sana, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Liko na neno la mwisho, nalo ni gumu. Siku ile tulipopiga kelele, watu walikusanyika, wakamshika kijana mmoja aliyekuwa akikimbia. Mikononi hakuwa na kitu. Wengine walikuwa wamekwisha kuokota mawe. Twakiri ya kuwa kwa kitambo tulinyamaza, kwa sababu ya hasira. Mzee mmoja mlinzi wa maegesho ndiye aliyesimama mbele ya kijana, akasema aitwe polisi. Wakaja, wakamchukua. Baadaye ilijulikana ya kuwa hakuwa yeye. Tungaliendelea kunyamaza, tungaliingia kanisani siku ya Noeli na damu ya mtu mikononi mwetu, kwa ajili ya nguo. Tena hata angalikuwa ndiye, Amri ya Tano haimwachi mwizi nje. Mkisikia kelele za mwizi, msiokote jiwe. Simameni kati yake na umati, mkapige simu polisi kwa namba 112.

Nguo zile hazikurudi. Tulisimama mbele ya usharika, tukasema yote, nao wakachanga mara ya pili.

Ninyi walimu na wainjilisti, yasomeni haya Jumapili, baada ya matangazo, watu wasikie kabla ya kushuka mjini. Na sote tukumbuke: Mtoto yule tutakayemwimbia horini ndiye aliyekufa katikati ya wanyang'anyi wawili, akamfungulia mmoja wao mlango wa Peponi. Yeye na awalinde njiani, awafikishe nyumbani salama, pamoja na watoto wenu. Amina.